Sauda, Mkono Umeanza Kurudi

Sauda,

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeulaza juu ya karatasi ili isisogee, na leo umekubali kuishikilia. Acha nianze na habari hiyo, maana ndiyo ungeiuliza kwanza: mkono umeanza kurudi. Kidole gumba kinakunjika, cha shahada kinakunjika, na bega hupanda mpaka usawa wa sikio siku ambayo halijakasirika. Nimerudi majini pia. Nitakueleza yote, ila nivumilie. Kuna mahali nitakwama.

Najua ungetaka Kiswahili kilichonyooka, kwa hiyo ninajitahidi. Changu kilikuwa cha kambi ya polisi ya Nsambya, hapa hapa Kampala, tulichookota kwenye foleni ya maji, sisi watoto wa askari wa kutoka kaskazini, kila mmoja na lugha yake nyumbani. Chenu cha Nateete kilikuja na babu wa babu yako kutoka pwani, na baba yako Mwalimu, Mungu amrehemu, alikilinda kama alivyoulinda msahafu. Siku ya kwanza uliponipeleka kwenu tukitoka shule, nilisimama mlangoni mwa duka lenu la vitambaa nikamwambia mimi ni lafiki ya Sauda. Akashusha miwani. "Rafiki, mwanangu. Sema ra." Nikasema la. Tangu siku hiyo hukuniita Aber tena, isipokuwa ukiwa na hasira au hofu. Nilikuwa Lafiki, hata mbele ya wateja, hata tulipokuwa watu wazima.

Tangu uondoke ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Duka sasa liko mikononi mwa kaka yako, ameongeza mapazia na mazulia. Cherehani yako imefunikwa shuka kwenye kona, hakuna anayeishonea. Kule hotelini nilikokuwa nafundisha watoto kuogelea wamepaka bwawa rangi upya, buluu kali isiyopendeza. Ungesema mtu amemwaga sabuni ya unga.

Bwawa hilo ndilo ulilojifunzia. Asubuhi za Jumatatu, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, wewe na suruali yako nyeusi ya kubana na shati refu la kaka yako, kilemba umekikaza mpaka macho yanavutika. Ulikuwa umevuka thelathini na ulisema umechoka kuogopa kitu ambacho hata bata anakiweza. Nilikuwa nakushika chini ya mgongo, unaelea, unaangalia juu, unanitisha: "Lafiki, ukiniachia nakufa, halafu nakuandama." Nami nacheka, naondoa kidole kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka ulipokuwa unaelea peke yako bila kujua.

Sasa nifike kule.

Hukutaka kwenda kisiwani. Hilo lazima liandikwe. Mwenzangu wa kazini alikuwa anamtambulisha mchumba kwao. Wewe ulikuwa umewashonea mashangazi zake gomesi, yale magauni marefu ya mkanda kiunoni, ukalipwa, ukasema kazi yako imekwisha. Mimi ndiye niliyekuvuta. Nilikwambia utazame nguo zako zikivaliwa. Ukajishonea na yako, ya manjano, mkanda mpana unaofika karibu na kifundo cha mguu. Pale mwaloni, kwenye mashua, majaketi ya kuokolea hayakutosha, yakapewa watoto na wazee, na hiyo ilikuwa haki. Ulinigeukia. Nikakupiga begani, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mimi ndiye jaketi lako." Watu wakacheka. Nawe ukacheka, ukapanda.

Kwenda tulikwenda salama. Tulikula, tulicheza, ulisifiwa. Wakati wa kurudi mimi nilibadilisha nikavaa suruali. Wewe ulikataa, ulisema Nateete lazima wakuone ukishuka kwenye boda umevaa gomesi hiyo. Tulikuwa katikati ya ziwa mashine ilipozima. Upepo ulikuwa umeanza, na mashua isiyo na mashine hugeuzwa tu, haiulizwi. Maji yaliingia upande wa kushoto, watu wakakimbilia kulia, tukapinduka.

Nilikupata. Nataka ujue kwamba nilikutafuta na nikakupata, hata kama unajua. Mkono wangu wa kulia ulishika kamba ya mashua iliyolala kichwa chini, wa kushoto ukakushika kifundo cha mkono, nawe ukanishika changu. Gomesi ilikuwa imejaa maji. Sikujua kitambaa kinaweza kuwa kizito namna ile, kitambaa nilichokiona kikikatwa kwa mkasi. Ulisema, "Aber, usiniachie." Aber. Nikasema, sikuachii. Na wakati mdomo ukisema hivyo, ndani yangu nilisikia sauti nyingine, yangu mwenyewe, imetulia kabisa, kama ya mtu anayesoma tangazo ukutani. Ilisema: wawili hatuwezi.

Kisha wimbi likaigeuza mashua tena. Kamba ikanivutia huku, wewe ukavutwa kule, na moto ukanipita kutoka shingoni mpaka kwenye kucha. Baada ya moto hapakuwa na mkono. Nilitazama, niliuona, unaning'inia majini umefunguka kama wa mtu aliyelala. Wewe hukuwepo.

Sijui kipi kilitangulia, Sauda. Ile sauti au ule moto.

Hapa ndipo ninapokwama. Nimerudia mara nyingi kuliko nilivyowahi kusali. Mara moto unakuja kwanza, mkono unakufa, na mimi sina kosa. Mara vidole vinafunguka kwanza, kimoja, cha pili, cha tatu, polepole, vile nilivyozoea kukuachia bwawani.

Mashua ya wabeba mkaa ilituokota. Wewe walikupata kesho yake asubuhi, ukazikwa Butambala kabla ya alasiri. Mimi nilikuwa kitandani hospitalini, shingo imefungwa, sina habari. Daktari alinichorea kwenye karatasi: mishipa ya fahamu inatoka shingoni kama nyaya kwenye nguzo ya umeme, inashuka begani kwenda mkononi. Yangu ilikuwa imevutwa vibaya, mmoja umekatika, mingine imenyooka kupita kiasi. Walinipasua wakauunga uliokatika. Alisema itachukua muda mrefu na huenda isirudi yote. Halafu akasema, kunifariji, "Ukishavutwa hivi, mkono hauwezi kushika hata karatasi. Usijilaumu." Hakujua alichonipa. Alinipa shahidi.

Nilikwenda na shahidi huyo kwenu kwenye arobaini yako, nimemfunga kwa kitambaa shingoni. Wanawake walimgusa, wakasema pole, wakasema huyu alipigana. Mama yako alinikalisha karibu naye, akaulaza mkono wangu kwenye mapaja yake, akaniuliza jambo moja tu: mwanawe alisema nini mwisho. Nikamwambia ulipiga shahada. Wakasema wote, Alhamdulillahi. Mama yako akainama akaubusu mkono. Ule ule, Sauda.

Sikurudi tena Nateete.

Meneja wa hoteli alikuwa mwema, akaniweka kwenye dirisha la kugawa taulo na funguo za makabati. Siku nzima nilinusa dawa ya bwawa bila kulitazama. Huo ndio wakati wewe ulipoanza kunishika. Mara ya kwanza nilikuwa nampa mama mmoja taulo, nikahisi kifundo cha mkono wa kushoto, mkono ambao ulikuwa hauhisi hata ukichomwa sindano, kimezungukwa na vidole. Vilikaza. Taulo ikaanguka. "Nnyabo, vipi?" akauliza. Nikasema ni mshipa. Na daktari naye alisema hivyo hivyo, kwamba mishipa ikiamka huleta hisia za ajabu, mtu anaweza kuhisi maji, moto, hata kushikwa. Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini mimi najua mkono wako. Nahisi hata mahali pete yako ya fedha iliponikwaruza.

Ulikuja kwenye foleni ya benki. Ulikuja nikiwa nanunua kikomando, chapati na maharage zimo mkononi, mchana kweupe, boda zinapita, muuzaji ananiuliza niongezewe pilipili. Ulikuja kanisani wakati wa kupeana amani, watu wakinipa mkono wa kulia na wewe umeshikilia wa kushoto. Hukusema kitu. Ningependa ungesema.

Aliyenirudisha majini ni Nakato, dada anayenifanyisha mazoezi ya viungo. Ni mfupi, anatembea haraka, anaongea na mkono wangu kama unaongea naye. Alisema maji yataubeba mkono ambao hauwezi kujibeba. Nikasema sina nguo ya kuogelea. Siku iliyofuata akaja nayo, kubwa mno, akaifunga kwa pini nyuma. Tuliingia sehemu ya kina kifupi, maji kiunoni. Aliniomba niweke uso majini tu, nipulize, niinuke. Kitu nilichofundisha mamia ya watoto. Niliweka uso, nikafumbua macho, na kule kwenye kina nikauona mkanda wa manjano umelala sakafuni, mrefu, unacheza.

Nilipiga kelele mpaka wapishi wakatoka jikoni. Lilikuwa bomba la kusafishia bwawa, Sauda. La plastiki, la manjano. Kijana wa bustani alilivuta nje ili nione. Nililiona, nikakubali ni bomba, na bado sikurudi kwa wiki nyingi.

Nakato hakunigombeza. Aliendelea kunipa mazoezi mezani, kukamata mpira, kuokota maharage. Mpaka siku moja aliweka kikombe mbele yangu, akageuka kuchukua kitu, kikombe kikateleza, nami nikakidaka. Kwa kushoto. Alikuwa ameona kwenye kioo. Akakaa, akanitazama, akasema taratibu, "Aber, mkono huu unaweza zaidi ya unavyouruhusu. Kwa nini hutaki upone?"

Nilitembea kwa miguu kutoka hospitali mpaka nyumbani, na njiani nikapata jibu ambalo naona aibu kukuandikia. Mkono uliokufa ulikuwa unanisemea. Kila aliyeuona alisema, maskini, angefanyaje. Ukipona, atasimama nani kunisemea? Itabaki ile sauti tu, na mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nateete.

Mama yako alikuwa dukani nyuma, anakunja vitambaa. Amekonda. Anavaa miwani ya Mwalimu. Aliponiona aliita, "Mwanangu! Njoo, kaa. Umekula?" na hilo nusura linirudishe nje. Nikakaa kwenye kiti chako, sikujua mahali pengine pa kukaa. Nikamwambia yote. Jaketi. Gomesi. Sauti. Kwamba sijui kilichotangulia. Alikuwa anaendelea kukunja, pembe kwa pembe, bila kunitazama. Kisha nikafika kwenye shahada. Nikamwambia, "Mama, nilidanganya. Hakupiga shahada, au kama alipiga sikusikia. Alisema, Aber, usiniachie."

Mikono yake ikasimama.

Nilimsikia kaka yako mbele akimwambia mteja bei ya pazia. Nilisikia adhana ya adhuhuri ikianza msikiti wa karibu, kisha wa mbali ukiijibu. Mama yako akasema, "Hiyo shahada nilikuwa nalala nayo."

Nikasema, "Najua, Mama."

"Hujui. Umenipa wewe, na umenipokonya wewe." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nenda, Aber. Nataka kusali."

Nilikwenda. Kwenye stendi ya Nateete nilisimama nikaacha gari tatu zipite. Nilijiuliza kama nimefanya haki au nimemwibia mjane kitu pekee alichobakiwa nacho ili mimi nipate nafuu. Sijapata jibu la hilo pia. Ninachojua ni kwamba Jumatatu asubuhi nilimpigia Nakato nikamwambia, twende.

Tulianza upya. Uso majini. Kuelea. Yeye ananishika chini ya mgongo, mimi naangalia juu, na nililia mpaka masikio yakajaa. Wiki baada ya wiki. Kuogelea kwa mkono mmoja na nusu hukufanya uzunguke, unakwenda kushoto kama gari lenye tairi bovu, kwa hiyo nilijifunza kulisukuma bega la kulia kidogo na kupiga miguu kwa nguvu zaidi. Nawe ulikuwepo. Majini unanishika zaidi kuliko nchi kavu. Nilipozoea, niliacha kujikung'uta. Nilipiga maji na vidole vyako juu yangu, kama mtu anayeogelea na bangili.

Bwawa zima kwa urefu sikulithubutu. Kule kwenye kina sikwenda.

Jumapili moja, wiki mbili zilizopita, mlinzi wa getini alikuja kuniambia kuna mama amevaa baibui anauliza mahali Aber anapoogelea. Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuwa mama yako, mkoba kifuani, anatembea kwenye vigae vilivyolowa kama anatembea juu ya mayai. Hakunisalimia. Alivuta kiti cha plastiki akakaa ukingoni kabisa, upande wa kina, akasema, "Nataka kuyaona hayo maji."

"Si haya, Mama. Yalikuwa ya ziwa."

"Maji ni maji. Ogelea."

Niliingia. Nakato alikuwa ukingoni upande wa pili. Nilipita sehemu ya kina kifupi, nikafika mahali vigae vinaposhuka na rangi inageuka, nikaendelea. Katikati ya kina bega likachoka. Mkono wa kushoto ukaacha kusikia, ukaning'inia vile vile kama siku ile, umefunguka. Nikazama. Si sana, kiasi cha kichwa, lakini niliona mwanga ukiwa juu yangu na ukimya ukafunga masikio, na ile sauti ikarudi, imetulia vile vile. Safari hii ilisema: achia. Na hapakuwa na mtu wa kumwachia ila mimi.

Nilifanya ninachowafundisha watoto. Niliacha kupigana, nikajigeuza chali, nikangoja maji yaniinue. Yaliniinua. Nikalala hapo nikipumua, mbingu ya Kampala juu yangu imejaa korongo wakizunguka, na nilipopata pumzi nikageuka nikamaliza. Niligusa ukuta miguuni pa mama yako.

Alikuwa amesimama. Viatu vyake vilikuwa vimeloa, sijui aliingia wapi. Alinitazama muda mrefu kupitia miwani ya Mwalimu.

"Unaogelea kama kiti kilichovunjika mguu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Sauda angecheka."

"Angecheka."

Akakaa tena, polepole. Akasema, akiwa anayatazama maji wala si mimi, "Nimefikiri juu ya ile shahada. Wewe ulimsikia mpaka maji yalipomfunika. Yaliyosemwa chini ya maji hukuyasikia wewe, wala mimi. Aliyeyasikia anayajua." Akaukaza mkoba kifuani. "Lakini usiniletee tena kitu usichokisikia. Hata kama nakiomba."

Nikasema nimesikia.

Alipoondoka alinigeukia getini. "Si Ijumaa hii, ile ya wiki ijayo, tunakwenda Butambala kulisafisha kaburi. Gari la kaka yake lina nafasi moja." Nilifungua mdomo. Akainua kidole. "Sijasema nimekusamehe. Sijui kama nimekusamehe. Nimesema gari lina nafasi."

Ijumaa hiyo ni kesho. Ndiyo maana naandika leo. Sijawahi kuliona kaburi lako, na huko kutakuwa na watu, kutakuwa na dua na majembe na chai, na mimi sitaweza kukuambia haya kwa sauti. Barua nitaiacha nyumbani. Nitakuja mikono mitupu, nitang'oa majani kwa huu wa kulia na kwa huu mwingine kadiri utakavyokubali, kisha nitanawa, nitakaa na mama yako ndani ya gari, nitarudi. Na mwaka ujao wakinipa nafasi nitakuja tena, na wasiponipa nitapanda taksi.

Pumzika, Sauda. Sikuombi radhi hapa. Ombi la radhi linamtaka mtu ajibu, nami sitaki kukusumbua. Nakupa ahadi tu. Atakayeniuliza habari zako nitamweleza kama zilivyokuwa: kwamba ulishona, ulicheka, uliogopa maji ukayaingia, uliniita jina langu. Na nikifika mahali nisipopajua nitanyamaza hapo. Sitapajaza.

Aber